Bunduki ya Marisau na Bega la Mpigaji

Katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Barcelona, Hispania, mwaka 1992, mwanamke kutoka China aitwaye Zhang Shan alitwaa medali ya dhahabu katika mchezo wa skiti, yaani kuzilenga kwa bunduki ya marisau sahani ndogo zirushwazo angani. Wanaume na wanawake walishindana pamoja, naye alivunja sahani 223 kati ya 225. Katika michezo ya Atlanta ya mwaka 1996 wanawake hawakuruhusiwa kushiriki skiti, na shindano lao wenyewe lilianza Sydney mwaka 2000. Mengi yaweza kusemwa juu ya historia hiyo. Kwa mwanafunzi wa fizikia, hata hivyo, swali ni moja: mwili wa binadamu wawezaje kupokea mapigo mamia kwa mamia ya bunduki bila kuumia wala kupoteza shabaha?

Wengi hudhani kwamba mtu mwenye umbo dogo, awe kijana au mwanamke, yafaa apewe bunduki nyepesi. Nia hiyo ni njema, bali fizikia yake imekwenda kombo. Bunduki nyepesi ndiyo ipigayo teke kali zaidi. Na mwanagenzi anayeumia katika siku yake ya kwanza hujifunza jambo ambalo huenda likamchukua miaka kulisahau, nalo ni kufumba macho na kukaza misuli kabla ya kuvuta kifyatulio. Mwalimu wake humwambia kuwa hana shabaha. Kumbe hana bunduki ya kumfaa.

Hesabu ya teke

Bunduki ya marisau hutofautiana na bunduki ya risasi moja kwa kuwa mtutu wake ni laini kwa ndani, hauna mifuo ya kuizungusha risasi, nayo hutupa punje nyingi ndogo kwa mpigo mmoja. Punje hizo ndizo marisau. Hufungwa ndani ya katriji, kopo dogo la plastiki au karatasi ngumu ambalo chini yake mna fataki ya kuwashia. Juu ya fataki huwekwa baruti, kisha kizibo, kisha marisau yenyewe. Upana wa mtutu huelezwa kwa namba ya kaliba ambayo asili yake ni ya kale. Ukigawa ratili moja ya madini ya risasi katika tufe 12 zilizo sawa, kila tufe litaenea barabara katika mtutu wa kaliba 12, ambao upana wake ni milimita 18.5. Ukigawa katika tufe 20, utapata kaliba 20 yenye milimita 15.6. Ndiyo sababu namba ikikua mtutu hupungua.

Chukua sasa katriji ya kaliba 12 yenye gramu 28 za marisau. Pamoja na kizibo cha gramu 3 hivi, jumla ya kilogramu 0.031 hutoka mtutuni kwa kasi inayokaribia mita 400 kwa sekunde. Momenta yake, yaani zao la tungamo na kasi, ni 12.4. Gesi za baruti, ambazo hutoka kwa kasi kubwa kuliko marisau, huongeza 1 hivi, na jumla ikawa 13.4. Kwa Kanuni ya Tatu ya Newton, bunduki nayo hupata momenta iyo hiyo kuelekea nyuma. Ikiwa ina kilogramu 3.2, hurudi kwa kasi ya mita 4.2 kwa sekunde, ikibeba nishati ya jouli 28. Hali hiyo ni sawa na bunduki yenyewe kuanguka wima kutoka kimo cha sentimita 90 na kukita kitako chake begani.

Punguza tungamo la bunduki hadi kilogramu 2.7, ambao ni uzito wa kawaida wa bunduki nyingi za kaliba 20, na uitie shehena ile ile. Kasi ya kurudi hufikia mita 5 kwa sekunde, na nishati jouli 33. Momenta haikubadilika hata chembe, lakini nishati imepanda kwa takriban moja ya tano, kwa sababu nishati hupatikana kwa kugawa kipeo cha pili cha momenta kwa mara mbili ya tungamo. Kwa bunduki ya kilogramu 3.6, nishati hushuka hadi jouli 25. Basi si kaliba ipigayo teke. Ni shehena iliyomo katrijini ikilinganishwa na uzito wa bunduki. Wazee waliotumia magobore, wakijipimia baruti kwa mkono, walilijua jambo hili mabegani mwao bila ya kuandika mlinganyo wowote.

Tiba iliyo rahisi kuliko zote, nayo aghalabu hufikiriwa mwisho, ni kubadili katriji. Gramu 24 za marisau badala ya 28, katika bunduki ile ile ya kilogramu 3.2, hushusha nishati hadi jouli 22. Washindani wa Olimpiki wenyewe hutumia gramu 24, na sahani huvunjika.

Kinachobaki ni namna mwili unavyoipokea nishati hiyo. Bega likiisimamisha bunduki katika nafasi ya sentimita 3, kani ya wastani ya jouli 28 ni nyutoni 930 hivi. Kipande cha mpira kikiongeza sentimita moja ya kubonyea, kani hushuka hadi nyutoni 700. Kwa upande mwingine, mpigaji anayeogopa na kuacha upenyo kati ya kitako na bega hupigwa kama kwa ngumi, kwa kuwa bunduki huwa imekwisha kupata kasi yake yote kabla ya kumgusa. Hofu hiyo huzaa maumivu, nayo maumivu huzidisha hofu.

Mwalimu asiyetaka kuleta bunduki darasani (na hapana anayepaswa kuileta) anaweza kuonyesha haya yote kwa vigari viwili vya maabara vyenye springi katikati. Kimoja kiongezewe vipande vya chuma, springi iachiwe, na wanafunzi walinganishe kasi zake.

Jicho, shavu na kitako

Bunduki ya marisau huwa na shanga moja tu ya kulengea kwenye ncha ya mtutu. Nyuma hakuna alama nyingine. Alama ya nyuma ni jicho la mpigaji, na mahali pa jicho huamuliwa na shavu lililolala juu ya mgongo wa kitako. Kwa hiyo kitako kisichomfaa mtu ni sawa na rula iliyochorwa vibaya.

Ukubwa wa kosa huweza kukadiriwa kwa pembetatu zinazofanana. Umbali kutoka jichoni hadi kwenye shanga ni kiasi cha sentimita 90. Jicho likiwa juu kwa milimita 3 kupita mahali pake, marisau yatakapofika mita 36 yatakuwa yamepanda mara 40 ya kosa hilo, yaani milimita 120. Sahani ya Olimpiki ina kipenyo cha milimita 110. Milimita 3 za mbao, basi, zimetosha kulipitisha kundi la marisau juu ya shabaha kwa zaidi ya upana wa sahani nzima, hali mpigaji akiapa kwamba aliiona vizuri.

Mafundi wa Uingereza huigeuza hesabu hiyo kuwa kipimo cha kazi. Mteja husimama yadi 16 kutoka kwenye karatasi kubwa yenye alama katikati, mahali palipo salama na penye msimamizi. Huinua bunduki na kupiga mara moja bila kupiga ramli ya kulenga, kisha hurudia mara kadhaa hadi kitovu cha matundu kionekane wazi. Kila inchi moja ambayo kitovu hicho kimeacha alama huhitaji kitako kibadilishwe kwa moja ya kumi na sita ya inchi. Siri ya kanuni hiyo ni kwamba jicho liko yadi moja hivi kutoka kwenye shanga, na karatasi iko yadi 16.

Kabla ya hayo ni lazima ijulikane jicho lipi hutawala. Mtu anyooshe mikono, aache tundu dogo kati ya viganja, atazame kitu cha mbali kupitia tundu hilo kwa macho yote mawili, kisha afumbe jicho moja baada ya jingine. Jicho ambalo likiwa wazi peke yake kitu hubaki tunduni, ndilo litawalalo. Wapo watu wa mkono wa kulia ambao jicho lao la kushoto ndilo hutawala. Kwao hakuna kitako cha kawaida kitakachofaa mpaka jambo hilo liamuliwe kwanza.

Urefu wa kitako hupimwa kutoka kwenye kifyatulio hadi katikati ya mwisho wa kitako. Vitako vingi vya kiwandani vina sentimita 36 hadi 37, ambazo ni kipimo cha mtu wa wastani, naye huyo mtu wa wastani hajawahi kuingia dukani kununua bunduki. Kitako kirefu mno hunasa kwapani na kutua kwenye mkono badala ya bega. Kifupi mno hukileta kidole gumba usoni na kukigonga puani. Ile desturi ya kukiweka kitako kwenye kiwiko na kuangalia kama kidole kinafikia kifyatulio haina maana kubwa, kwani haipimi shingo, shavu wala upana wa mabega. Dalili iliyo bora ni nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya pua na kidole gumba, mpigaji akiwa amevaa nguo zile zile atakazovaa siku zote.

Maumivu ya shavu yana chanzo chake. Katika vitako vingi mgongo huteremka kuelekea nyuma. Bunduki inaporudi, sehemu iliyo juu zaidi husogea chini ya shavu na kulipiga kutoka chini. Aidha, kitako kikiwa chini mno kuliko mstari wa mtutu, msukumo wa kurudi hupita juu ya bega, na mtutu huruka kwenda juu. Mgongo ulio sambamba na mtutu huondoa sehemu kubwa ya adha hizo, nao ni marekebisho yafaayo kuliko kipande cha mpira kilicho ghali.

Inashauriwa kuanza na vipande vya kadibodi na utepe wa kunata juu ya mgongo wa kitako, kuongeza au kupunguza, na kurudi kwenye karatasi. Mbao iliyokatwa haioti tena. Vipimo vikithibitika, kazi apewe fundi bunduki mwenye leseni. Na mpira wa milimita 25 ukiongezwa, mbao ipunguzwe kwa kiasi hicho hicho, ama sivyo faraja ya bega itanunuliwa kwa kuharibu urefu.

Utulivu una gharama yake

Bunduki ya kukunjwa yenye mitutu miwili ina sehemu chache ziendazo, na mitutu yake huchunguzwa kwa kuifungua na kutazama tu. Bunduki ya kujipakia hutuliza teke zaidi. Ile ya Remington iitwayo 1100, iliyotolewa Marekani mwaka 1963, huchota gesi kidogo kutoka mtutuni na kuitumia kusukuma mtambo nyuma dhidi ya springi. Momenta yote bado humfikia mpigaji, lakini huenea katika muda mrefu zaidi. Gesi hiyo hiyo huleta masizi, na vitundu vyake visiposafishwa mtambo hugoma.

Mfano wenye mafunzo zaidi ni bunduki ya kujipakia ambayo John Browning aliipatia hataza mwaka 1900, nayo ikatengenezwa katika kiwanda cha FN, Herstal, Ubelgiji. Ndani yake mtutu wenyewe hurudi nyuma, ukizuiwa na springi pamoja na pete za msuguano. Pete hizo hupangwa kwa namna moja kwa katriji nyepesi na kwa namna nyingine kwa katriji nzito. Zikipangwa kwa ajili ya nyepesi, kisha nzito ikapigwa, mtutu hurudi kwa kishindo na mbao huweza kupasuka. Zikipangwa kinyume chake, ganda tupu halitoki. Wamiliki wengi huilaumu bunduki, ilhali kosa ni la pete.

Yafaa vilevile kuogopa marekebisho ya kulainisha kifyatulio. Kifyatulio cha kawaida huhitaji mvuto wa kilo moja na nusu hadi mbili. Meno yake yakisuguliwa mno ili kiwe chepesi, bunduki huweza kufyatuka kwa kuangushwa tu.

Hatari zilizo kubwa zaidi hutokana na katriji zenyewe. Urefu ulioandikwa juu ya katriji ni wa ganda lililokwisha kufunguka baada ya kupigwa. Hivyo katriji ya milimita 70 ambayo haijapigwa huingia bila tabu katika chumba cha bunduki ya zamani chenye milimita 65; ifunguapo mdomo wake hukosa nafasi, na kanieneo hupanda kupita kiasi. Kipimo cha chumba kwa kawaida kimechorwa chini ya mtutu, mara nyingi kando ya mihuri ya nyumba ya majaribio kama ile ya Birmingham iliyoanzishwa mwaka 1813. Hali kadhalika, katriji ya kaliba 20 ikitiwa kwa bahati mbaya katika mtutu wa kaliba 12 huteleza mbele na kukwama. Chumba huonekana kitupu, mpigaji hutia ya kaliba 12 nyuma yake, na mtutu hupasuka karibu na mkono wake wa mbele. Ndiyo maana katriji za kaliba 20 hutengenezwa kwa rangi ya manjano.

Mlio wa bunduki hizi hupita desibeli 140, kiwango ambacho hata mpigo mmoja huweza kudhuru sikio, kwa hiyo vizibo vya masikio havikwepeki. Na mlio ukitoka hafifu kuliko kawaida, kama pumzi iliyokatika, huenda kizibo kimebaki ndani ya mtutu. Mpigaji husimama hapo hapo mtutu ukielekea mahali salama, huondoa katriji zote, kisha hutazama kama mwanga waonekana upande wa pili.