Tumbili wa Gitaru na kinu chako cha posho

Tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima, mashine nyingine za kituo zikazidiwa na mzigo zikajizima pia, na zaidi ya megawati 180 zikapotea. Kenya nzima ikawa gizani kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alipona.

Gitaru inatuhusu. Maji yanayozungusha mitambo yake ni ya Mto Tana, huu huu unaoteremka hadi Kulesa na Garsen. Lakini kituo kimoja kikizimika, mbona nchi nzima ikose stima?

Umeme wa gridi hauwekwi ghalani kama mpunga; unaotumika sasa ndio unaozalishwa sasa. Majenereta makubwa huzunguka kwa pamoja, yakifuata mapigo 50 kwa sekunde. Kituo kimoja kikitoka ghafla, mzigo wake huangukia vilivyobaki na mapigo huanza kushuka. Yakishuka mno, vifaa vya usalama huzima vituo vingine, kimoja baada ya kingine, visiharibike.

Kinachochelewesha anguko hilo ni uzito wa vitu vinavyozunguka. Ukiacha kukanyaga baiskeli, haisimami papo hapo. Wataalamu huita tabia hiyo inesha. Sekunde chache zinazopatikana huvipa vituo vingine nafasi ya kuongeza nguvu.

Mtumiaji naye huchangia. Kinu cha posho au pampu ya maji yenye mota iliyounganishwa moja kwa moja na stima huzunguka kwa kufuata gridi. Mapigo yakishuka, mota hurudisha sehemu ya nguvu iliyo katika mzunguko wake, na kadiri inavyopunguza kasi ndivyo inavyopunguza mzigo. Kinu kimoja ni tone tu. Mota zote za nchi ni mto. Taa, televisheni na chaja za simu hazina mchango huo.

Mota hizo hizo zaweza kuwa tatizo stima inaporudi, kwa kuwa mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa kuliko ikiwa mwendoni. Zikianza zote kwa pamoja, laini huzidiwa na huweza kukatika tena.

Kwa hivyo stima ikipotea, zima kinu, pampu na friji. Acha taa moja ikujulishe stima imerudi, subiri dakika chache, kisha washa kimoja kimoja. Utalinda mota yako, na utamlinda jirani asirudi gizani.