Msafiri na Benki Yake (3): Uthibitisho Ubebwe na Mwenye Mali

Tangu Julai 2025 benki za Falme za Kiarabu zimekuwa zikiachana, hatua kwa hatua, na desturi ya kumtumia mteja namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi wa simu au kwa barua pepe. Agizo lilitoka Benki Kuu yao, na mwisho wa kazi hiyo ukawekwa Machi 2026. Mteja sasa anaridhia muamala ndani ya programu ya benki iliyomo kwenye simu yake. Singapore walitangulia: Julai 2024 mamlaka yao ya fedha na umoja wa mabenki walitangaza kwamba benki kubwa zitaacha kutumia namba hizo kumwingiza mteja kwenye akaunti, iwapo amekwishawasha tokeni ya kidijiti. Habari hizi zimepita kwetu bila mjadala, ingawa ndege za kwenda Dubai hujaa wafanyabiashara wa Kariakoo, na wanafunzi wetu wametapakaa India, Malaysia na China, wote wakitegemea namba hiyo ya uthibitisho (OTP) iwafikie huko waliko.

Katika sehemu mbili zilizopita tuliona jinsi laini inavyosajiliwa kwa alama za vidole, na jinsi benki inavyoifunga namba ya simu kwenye akaunti. Sitarudia hayo. Leo tumtazame mtu aliyevuka mpaka. Hoja yangu ni kwamba tatizo lake ni la zamani sana, na kwamba waliotutangulia walilitatua kwa kanuni ambayo sisi tumeiacha: ithibati ziwe mbili, zitengane, na zote zibaki mikononi mwa mwenye mali.

Fedha imeanza zamani kusafiri kwa karatasi. Katika karne ya 10, msafiri Ibn Hawqal aliona Awdaghust, kusini mwa jangwa la Sahara, hati ya deni la dinari 42,000 aliloandikiwa mfanyabiashara mmoja, na mwenye kudai alikuwa mtu wa Sijilmasa, upande wa pili wa jangwa. Hati iliweza kuvuka mchanga pale ambapo mfuko wa dhahabu ungeporwa. Lakini mlipaji alibaki na swali lilelile linaloisumbua benki leo: aliyeleta hati hii ndiye mwenyewe?

Jibu ninalolipenda kuliko yote lilipatikana London. Mwaka 1772 Robert Herries, mfanyabiashara wa Kiskoti, alianza kuwauzia wasafiri noti zilizoweza kulipwa na mawakala wake katika miji mingi ya Ulaya. Utaratibu huo ulipokomaa, msafiri alibeba vitu viwili. Cha kwanza ni noti zenyewe. Cha pili ni barua ya utambulisho, iliyoorodhesha mawakala na kubeba mfano wa sahihi yake. Alielekezwa asiviweke pamoja: noti sandukuni, barua mfukoni mwa koti. Mwizi aliyepata noti hakuwa na sahihi ya kuiga. Aliyepata barua hakuwa na cha kulipwa. Wakala wa Napoli au Vienna alilinganisha sahihi iliyoandikwa mbele yake na ile ya kwenye barua, akalipa. Hakuhitaji kuuliza London, wala hakuna mtu wa tatu aliyeingia kati yao.

Wamarekani waliikaza kanuni hiyo. J. C. Fargo, mkuu wa kampuni ya American Express, alisafiri Ulaya na kuhangaika kupata fedha kwa barua za benki mara alipotoka nje ya miji mikubwa. Mwaka 1891 mfanyakazi wake, Marcellus Berry, akabuni hundi ya msafiri. Mnunuzi alitia sahihi mara ya kwanza siku ya kununua, na mara ya pili mbele ya mlipaji. Wazee wetu waliosafiri kikazi au kwenda Hija katika miaka ya 1970 na 1980 wanazikumbuka hundi hizo. Sahihi ya pili ilikuwa imebebwa na mkono wa mwenye mali, na mkono ule ulikuwa safarini pamoja naye.

Pwani yetu nayo ilikuwa na elimu yake. Wafanyabiashara wenye asili ya Kutch na Gujarati walioweka maduka Unguja katika karne ya 19 walitumia hundi za Kihindi zilizovuka bahari pamoja na majahazi. Zilikuwapo za kulipwa punde zinapoonekana. Zilikuwapo pia ambazo zililipwa kwa mtu mwenye heshima tu, anayejulikana sokoni, na mtu huyo alibeba dhamana kwamba haki haijapotea njiani. Katika mazingira hayohayo ya mikopo ya kuaminiana, Taria Topan wa Unguja aligharimia misafara ya Tippu Tip iliyokwenda bara kwa miaka mingi. Biashara ile ilikuwa na dhuluma zake kubwa, na historia imezihukumu. Hata hivyo katika jambo hili moja walikuwa makini: kila ahadi ya fedha ilikuwa na mtu anayejulikana aliyeibeba, na jina lake likiharibika sokoni halikusafishika kirahisi.

Kisha ukaja waya. Mwaka 1879 kebo ya chini ya bahari iliyotoka Aden ilifika Unguja, ikaendelea hadi Msumbiji na Durban. Sasa amri ya malipo iliweza kufika kabla ya jahazi kung'oa nanga, lakini ilifika bila sahihi na bila muhuri. Mabenki yalijibu kwa namba ya kupima: mtumaji alichukua kiasi cha fedha, tarehe na namba nyingine kutoka jedwali la siri lililokuwa kwake na kwa mwenzake tu, akapiga hesabu, na jawabu likaandikwa ndani ya telegramu. Mpokeaji alirudia hesabu hiyo. Majawabu yakitofautiana, fedha haitoki.

Hapo ndipo anapoingia Frank Miller, mtu wa benki huko Sacramento, California. Mwaka 1882 alichapisha kitabu cha kuficha maana ya telegramu, akashauri kila ujumbe uongezewe namba isiyo na mpangilio kutoka orodha waliyo nayo pande mbili, na namba ikishatumika ifutwe, isirudiwe kamwe. Kitabu kilisahaulika, na wazo hilo likaja kubuniwa upya Marekani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ni mwaka 2011 tu Steven Bellovin wa Chuo Kikuu cha Columbia alipoonyesha kwamba Miller alikuwa amewatangulia wabunifu hao kwa takriban miaka 35. Naona fahari kwamba wazo la namba inayoishi mara moja tu liliandikwa na mtu wa benki, akiwaza amana za watu, wala si na jeshi.

Wajerumani walilileta wazo la namba ya mara moja hadi kwa mteja wa kawaida. Aliyetumia benki akiwa nyumbani alipewa karatasi yenye orodha ya namba; kila muamala ulikula namba moja, akaikata kwa kalamu. Karatasi hiyo ilifanya kazi Berlin, Bagamoyo au katikati ya bahari. Kasoro yake ni kwamba iliweza kunakiliwa, na matapeli walijua kumlaghai mtu ataje namba zake. Sheria ya malipo ya Umoja wa Ulaya iliizima Septemba 2019.

Kabla haijazimwa, sehemu kubwa ya dunia ilikuwa imekwishahamia kwenye ujumbe mfupi. Ujumbe wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992 na mhandisi Neil Papworth, nao ulikuwa salamu za Krismasi. Herufi 160 za ujumbe mfupi zilibuniwa kwa ajili ya salamu na taarifa. Hakuna aliyezikusudia kuwa sahihi ya mtu benki.

Tazama safari ya ujumbe huo wa benki. Unaposhuka Muscat na kuwasha simu, mtandao wa pale husoma namba iliyofichwa ndani ya laini yako, kwa kawaida tarakimu 15. Tatu za mwanzo hutaja nchi, 640 Tanzania na 639 Kenya. Mtandao huo huuliza mtandao wako wa nyumbani kama unaruhusiwa, na daftari kuu la nyumbani huandika kwamba sasa uko kwa jirani. Benki ikituma namba, kituo cha ujumbe hulisoma daftari hilo kisha huusukuma ujumbe huko. Ikiwa roming haijafunguliwa, au mitandao miwili haina mkataba, ujumbe husubiri, na namba yenye uhai wa dakika chache hufa njiani. Simu yenyewe inaweza kuwa kikwazo. Nchini Marekani AT&T ilizima 2G mwanzoni mwa 2017 na 3G Februari 2022; Singapore ilizima 2G mwaka 2017; Australia ilikamilisha kuzima 3G mwaka 2024. Kitochi cha 2G hakishiki mtandao uliokwishazimwa.

Ujumbe ukifika, bado kuna hatari. Lugha ambayo mitandao huulizana kwayo ilianza kuundwa miaka ya 1970, wakati kampuni za simu zilikuwa chache na kila moja ilimwamini mwenzake. Desemba 2014 watafiti Tobias Engel na Karsten Nohl walionyesha Hamburg jinsi mtu mwenye njia ya kuingia humo anavyoweza kuudanganya mtandao wa nyumbani kuhusu mahali simu ilipo, akapokea ujumbe usio wake. Mwaka 2017 ikathibitika Ujerumani kwamba wezi walitumia mlango huo kupokea namba za benki za wateja wa O2 Telefónica na kuhamisha fedha zao. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilikwishaonya mwaka mmoja nyuma.

Watu wetu wamejitafutia njia yao: laini inaachwa nyumbani kwa binamu au kwa kijana wa dukani, namba ikiingia anaisoma kwa WhatsApp. Nasema bila kuuma maneno kwamba hii si njia ya mtu makini. Kwanza, unampa ndugu yako mtihani ambao hakuuomba; fedha ikipotea, hata kama hana hatia, undugu umeingia doa. Pili, unamfundisha kusoma namba ya siri kwa sauti kwa yeyote anayejitambulisha kuwa wewe, na matapeli wanaotuma ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" wanawatafuta watu wa tabia hiyo hasa. Tatu, benki inakutaka usimpe mtu yeyote namba hiyo, kwa hiyo dai lako linadhoofika siku ya mgogoro. Na aliyeko Guangzhou akumbuke kwamba WhatsApp imefungwa China.

Njia bora ipo. Ndani ya programu ya benki, au ndani ya kifaa kidogo cha tokeni, huwekwa siri ambayo benki nayo inayo. Katika utaratibu mmoja uliochapishwa hadharani mwaka 2011, siri hiyo huchanganywa na saa, na kila sekunde 30 huzaliwa namba mpya, kwa kawaida ya tarakimu sita. Benki hupiga hesabu ileile upande wake na kulinganisha, kama yule mpokeaji wa telegramu na jedwali lake. Hauhitajiki mnara, salio wala roming. Kubadilika kwa majira ya nchi hakuivurugi, mradi saa ya simu iwe sahihi, kwa sababu hesabu hufuata saa moja ya dunia nzima. Ithibati imerudi kwa msafiri.

Kwa anayefunga mizigo sasa hivi, mambo ni machache. Nenda benki kabla ya safari, uliza kama wana tokeni au uthibitisho ndani ya programu, uuwashe na kuujaribu ungali hapa, maana kuuwasha kwenyewe mara nyingi hudai ujumbe mfupi. Usibadilishe simu ukiwa ughaibuni. Kama benki yako haina ila ujumbe, fungua roming, zima data yake ili usiingie gharama, beba simu ya laini mbili, na iache laini ya nyumbani iwe hewani. Mara nyingi kupokea ujumbe hakutozwi, lakini uliza. Aendaye kukaa muda mrefu aijazie vocha na kuitumia mara kwa mara, kwa sababu laini iliyolala hufungwa, namba ikaja kugawiwa mtu mwingine. Laini ikipotea, kuirudisha kunahitaji kidole chako mbele ya wakala, nawe uko mbali. Neno la siri la benki usilihifadhi ndani ya simu ileile inayotoa namba za uthibitisho.

Lakini tusimtwishe msafiri mzigo wote. Ukanda huu ulikwishaiongoza dunia: Septemba 2006 Celtel iliunganisha Kenya, Uganda na Tanzania kuwa mtandao mmoja, mteja akavuka mpaka bila kulipia roming. Kilichowezekana kwa maongezi kinawezekana kwa amana. Benki Kuu ya Tanzania na Benki Kuu ya Kenya ziziagize benki zote kumpa kila mteja anayeomba njia ya uthibitisho isiyotegemea mnara, pasipo malipo ya ziada, na mwenye kitochi apewe kifaa cha tokeni sawasawa na mwenye simu ya bei kubwa. Benki inayochukua akiba ya mtu ina wajibu wa kumfungulia popote alipo. Kuukabidhi wajibu huo kwa kampuni ya simu, kisha kumlaumu mteja ujumbe unapochelewa, ni kukwepa dhamana ambayo wenye hundi wa Unguja walijua kuibeba.

Sehemu ya nne itaeleza mteja afanye nini, na aandike nini, pale benki inapokataa kurejesha fedha iliyoibwa kwa namba ya uthibitisho.