Msusi wa saluni pia aweza kupata cheti

MSUSI aliyejifunzia kazi saluni mjini Meru au Embu, bila kupitia chuoni, anaweza kutahiniwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA). Mtihani huo wa ufundi huanzia Gredi ya 3 na kupanda hadi ya 1.

Hata hivyo, wepesi wa mikono pekee hautoshi. Baadhi ya dawa za kulainisha nywele zina sodiamu haidroksaidi, kemikali itumiwayo pia kutengenezea sabuni, nayo huweza kuunguza ngozi. Sharti msusi akague kichwa kwanza, achunge muda, kisha aisuze dawa yote.

Anayetafuta chuo naye ahakikishe kimesajiliwa na TVETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2013. Karo ikishalipwa, majuto ni mjukuu.