TUPANDE KITULO TUONE MAJI YANAKOTOKA

Ndugu msomaji, wengi wetu hupanda mlima kwa sababu ya kazi. Tunafuata kuni, tunafuata ng'ombe, au tunakwenda shambani. Lakini wako watu wanaopanda mlima kwa kutembea tu. Wanataka kufika juu na kuitazama nchi. Huo si mchezo wa wageni peke yao. Mtu akisimama juu huona pamoja mambo ambayo akiwa bondeni huyaona kipande kipande.

Mahali pazuri pa kujifunza jambo hili ni Kitulo.

KITULO IKO WAPI?

Kitulo ni uwanda wa majani ulio juu ya milima, kusini-magharibi mwa Tanzania. Sehemu kubwa iko katika Wilaya ya Makete, Mkoa wa Njombe. Sehemu nyingine iko Mkoa wa Mbeya. Uwanda huo umepakana na milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone.

Kitulo iko juu sana. Ni mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari. Miti ni michache. Kuna majani, maua, vijito vya maji baridi, na upepo. Karibu na hapo kuna mlima Mtorwi, wenye urefu wa mita 2,961. Mlima Rungwe, unaojulikana zaidi, una mita 2,960. Mtorwi umeushinda Rungwe kwa mita moja tu!

Mwaka 2005 Kitulo ilifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa. Hifadhi ya Taifa ni mahali panapotunzwa kwa faida ya wote. Hairuhusiwi kulima, kuwinda wala kuchunga humo. Hifadhi nyingi zinajulikana kwa tembo na simba. Kitulo ilihifadhiwa hasa kwa ajili ya maua yake. Kuna aina 350 hivi za mimea. Kati ya hizo, aina 45 ni maua yaitwayo okidi. Wenyeji hupaita mahali hapo Bustani ya Mungu.

NJIA YA KONA HAMSINI NA SABA

Msafiri anayetoka Mbeya au Dar es Salaam huiacha barabara kuu pale Chimala. Chimala kuna joto. Hapo huanza barabara ya kupanda kwenda Matamba. Barabara hiyo inapinda na kupinda tena. Watu huiita Hamsini na Saba, kwa sababu ya hesabu ya kona zake.

Kila ukipita kona, nchi ya chini inazidi kuonekana. Ukifika ukingoni, simama ugeuke nyuma. Utaona bonde la Usangu limetandazwa kama mkeka. Huko ndiko kwenye mashamba makubwa ya mpunga ya Mbarali. Wakati wa mvua mashamba hayo hung'aa kwa maji. Wakati wa kiangazi nchi ni ya rangi ya udongo, na mistari ya kijani huonyesha mahali mito inapopita.

Bonde hilo liko chini ya uwanda wa Kitulo kwa mita 1,500 hivi. Kwa kawaida, ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa digrii 6 hivi. Ndiyo maana mtu hutoka Chimala akiwa na jasho, na akifika juu huomba koti.

Upande wa pili wa uwanda, kule milima ya Livingstone, kuna ukingo mwingine. Siku isiyo na ukungu, ukitazama toka milima hiyo, unaweza kuliona Ziwa Nyasa mbali kule chini.

MAJI YA MLIMANI NI YA NANI?

Sasa tazama tena Usangu. Mito ile iliyo bondeni haikuanzia bondeni. Mito ya Chimala, Kimani na Mbarali huteremka kutoka milima hii. Huingia mto Ruaha Mkuu. Ruaha Mkuu hupita katika mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Halafu huingia mto Rufiji na kufika Bahari ya Hindi. Maji ya upande wa pili wa milima huteremkia Ziwa Nyasa.

Maji hayo yanatunzwaje? Mimi ni Bwana Shamba, kwa hiyo nitaeleza kwa mfano wa shamba. Mwaga debe la maji kwenye udongo mtupu wenye mteremko. Maji yatakimbia, na yatachukua udongo. Mwaga debe jingine mahali penye majani mengi. Maji yatatua, yatazama polepole. Kitulo ni mahali pa namna hiyo. Majani huizuia mvua isikimbie. Udongo hunywa maji, kisha huyatoa kidogo kidogo katika chemchemi, hata miezi isiyo na mvua.

Kwa hiyo mtu akichoma majani ya mlimani, anatoboa tangi la jirani yake.

Lakini tuseme ukweli wote. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi, katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Sababu kubwa ilikuwa maji mengi kuchukuliwa kule Usangu kwa kilimo. Basi asilaumiwe mtu wa mlimani peke yake. Wa juu atunze chemchemi. Wa chini asipoteze maji katika mifereji mibovu. Mto ni mmoja.

UA LILILOCHIMBWA HALIRUDI

Okidi nyingi za Kitulo zina kiazi kidogo chini ya udongo. Watu huchimba viazi hivyo na kuviuza. Vingi vimepelekwa Zambia. Huko hupondwa, huchanganywa na karanga, na kupikwa chakula kiitwacho chikanda.

Chakula hicho ni cha zamani, na si kibaya. Shida ni wingi wa uchimbaji. Viazi vilivyochimbwa katika nyanda za juu za kusini vimehesabiwa kwa mamilioni kwa mwaka. Ukichuma jani la mchicha, mchicha huota tena. Ukichimba kiazi cha okidi, mmea wote umekwisha. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi. Tena haziwezi kuota bila msaada wa ukungu fulani ulio ndani ya udongo. Kwa hiyo si rahisi kuzipanda shambani kama viazi mviringo.

Tufikiri pamoja. Kiazi kimoja huuzwa mara moja tu. Ua likiachwa, litachanua mwaka huu na mwaka ujao. Watu watatoka mbali kuja kuliona. Watahitaji chakula, mahali pa kulala, na mtu wa kuwaonyesha njia. Kijana wa Matamba anayejua njia na majina ya maua ana mali ambayo haiozi.

UKITAKA KUTEMBEA KITULO

Maua huwa mengi kuanzia Desemba mpaka Aprili. Lakini huo ni wakati wa mvua, na njia huteleza. Septemba mpaka Novemba ni miezi mizuri ya kutembea, ingawa maua ni machache. Juni mpaka Agosti kuna baridi kali na ukungu. Usiku umande unaweza kuganda ukawa barafu.

Wakati wa mvua tazama ndege pia. Kuna tandawala, ndege mkubwa anayetembea majanini. Kuna mbayuwayu wa rangi ya buluu, ambaye ni adimu sana duniani.

Shika mambo haya:

1. Anzia ofisi ya Hifadhi. Ofisi iko Matamba. Eleza unakokwenda, lipa kiingilio, na utafute kiongozi anayejua njia.

2. Usitembee peke yako. Waambie watu wa nyumbani siku utakayorudi.

3. Chukua sweta, koti la mvua, viatu vya kufunga, maji na chakula. Jua la asubuhi lisikudanganye.

4. Ukungu ukishuka, simameni pamoja. Usiteremke ukingo usiouona. Ngojeni mpaka njia ionekane.

5. Radi ikianza, ondokeni kilimani. Msijifiche chini ya mti ulio peke yake.

6. Mtu akitetemeka sana, akijikwaa na kusema maneno yasiyoeleweka, baridi imemwingia. Hiyo ni hatari, huweza kuua. Mkingeni na upepo. Mvueni nguo zilizolowa, mvisheni kavu, mfunikeni blanketi. Akiwa anaweza kumeza vizuri, mpeni chai ya moto yenye sukari. Msimpe pombe wala ulanzi. Pombe humdanganya kwamba amepata joto, kumbe mwili unazidi kupoa. Kisha mpelekeni zahanati.

7. Fuateni njia. Msichume maua, msichimbe, msiwashe moto majanini.

NYUMBANI TUFANYE NINI?

Ndugu msomaji, huenda wewe hukai karibu na Kitulo. Lakini kila kijiji kina kilima chake, na kila kilima kina chemchemi yake. Chagueni siku moja. Wazee, akina mama, vijana na watoto wa shule wapande pamoja. Simameni juu mtazame. Maji yenu yanatoka wapi? Yanapita kwa nani? Wapi udongo umeanza kuwa mwekundu kwa sababu majani yamekwisha?

Mkisharudi, fanyeni kazi hizi. Limeni kwa kukata mteremko, msilime kufuata mteremko. Chimbeni makinga maji. Pandeni majani ya mifugo kwenye kingo zake. Msipande mikaratusi karibu na chemchemi, kwa sababu hunywa maji mengi. Msilime karibu na mto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka tuache mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kabla ya kuchoma shamba, mwoneni Bwana Shamba wenu. Zipo njia nyingine za kusafisha shamba bila moto.

Mwenye kuishi juu ameshika ufunguo wa maji ya mwenzake. Autunze vizuri.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini majani ya mlimani huwasaidia wakulima wa bondeni?
2. Kwa nini okidi iliyochimbwa haioti tena?
3. Mto wa kijiji chetu unaanzia wapi, na nani anaulinda?