Rangi za Mimea na Ugonjwa wa Sukari



Mkulima wa karafuu hafundishwi thamani ya rangi. Karafuu ikiwa kijani twaiacha. Ianzapo kuingia wekundu twakwea kuichuma, kabla haijachanua. Leo twapenda kueleza khabari ya rangi nyingine za mimea, kwa kuwa baadhi yenu mmetuuliza kama choya na zambarau huponyesha ugonjwa wa sukari.

Wekundu wa choya, weusi wa zambarau na rangi ya ganda la bilingani ni za jamii moja, iitwayo anthosianini. Rangi ya manjano tutiayo katika mchuzi ni kurkumini. Ile ya boga na embe ni karotini, na mchicha pia unayo, ila imefunikwa na ukijani.

Tulapo wali au muhogo, wanga wake hugeuka sukari ikaingia damuni. Insulini, itokayo katika kongosho, ndiyo iipelekayo sukari hiyo mwilini. Mtu akinenepa kupita kiasi, khasa tumboni, insulini hupungua nguvu na sukari hubaki damuni. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba anthosianini huchelewesha wanga kugeuka sukari.

Mwaka 2012 madaktari wa Thailand walitangaza jaribio la watu 240 waliokuwa karibu kupata kisukari. Nusu walipewa vidonge vya kurkumini kwa miezi 9, na nusu vidonge visivyo na dawa. Katika hao wa pili, watu kama 16 katika kila 100 walipata kisukari. Katika wa kwanza, hakuna hata mmoja. Lakini hilo ni jaribio moja, na vidonge vile vilikuwa na kurkumini nyingi kuliko ya mchuzi wetu.

Mwaka 2013 wataalamu wa Marekani walitoa khabari za watu zaidi ya 187,000 waliofuatwa kwa miaka mingi. Waliokula matunda mazima, zabibu kwa mfano, walipata kisukari kwa uchache. Waliokunywa maji ya matunda kila siku walikipata zaidi.

Basi jibu letu ni hili. Rangi hizi huenda zikasaidia kukinga, haziponyeshi. Na choya iliyotiwa vijiko vinne vya sukari imekwisha kuharibiwa. Zambarau iliwe tunda lenyewe. Bilingani lisimenywe ganda. Mchicha na boga vipikwe kwa tui kidogo, kwani karotini huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Nusu ya sahani iwe mboga, wali upungue, na chai ipunguzwe sukari.

Aliyekwisha kupata ugonjwa huu asiache dawa ya daktari kwa ajili ya choya wala manjano. Mwenye kiu isiyokwisha, au anayekojoa mara kwa mara, au mwenye kidonda cha mguu kisichopona, na aende akapimwe damu kabla ya msimu kuanza. Kisukari kisichotunzwa huua hisia za nyayo, na mkwezi asiyeuhisi mguu wake juu ya tawi yumo hatarini.

Tahadhari kabla ya athari.