Fundi Asiyekaguliwa Ni Hatari Nyumbani

Ndugu askari, kila mmoja wetu amefunzwa kukagua silaha yake kila siku. Lakini je, tunaikagua pia kazi tunayoilipia kwa jasho letu? Sisi hatukuikagua, na tumejuta.

Tulipatana na mkandarasi mmoja atujengee baraza la mbao mbele ya nyumba yetu, mahali pa kupumzika na kupokea wageni. Alidai fedha zote mapema, nasi tukampa bila hata karatasi ya mapatano. Tangu hapo akawa haonekani: leo ana msiba, kesho lori limeharibika. Hatimaye alimaliza, nasi tukafurahia sakafu inayong'ara. Haukupita mwaka, aibu ikafichuka. Mbao zilikuwa mbichi, zikapinda. Nguzo zilichimbiwa udongoni bila zege, mchwa wakazila. Boriti ya ukutani ilishikwa kwa misumari mitupu badala ya bolti.

Mtu asidhani kwamba hilo ni jambo dogo. Mjini Chicago, Marekani, mwezi Juni 2003, roshani za mbao za nyumba ya ghorofa ziliporomoka zikiwa zimejaa watu, na 13 wakapoteza maisha.

Baraza letu tumelibomoa kwa mikono yetu wenyewe, kabla halijamwangukia mtoto. Tunawausia wenzetu: andikianeni mapatano, lipeni kwa hatua, na kagueni kila boriti kabla ya kutoa shilingi ya mwisho. Maneno matamu hayabebi uzito wa mtu.