Diski ya Kompyuta Inapoharibika: Kutengeneza au Kubadilisha?

Kompyuta inapogoma kuwaka, wengi huuliza kwanza bei ya matengenezo. Tunamshauri mlaji aanze na swali jingine: je, ndani ya diski hiyo kuna kitu kisicho na nakala mahali pengine? Kompyuta hununuliwa tena. Hesabu za duka za miaka mitatu, alama za wanafunzi au picha za wazazi waliokwisha kufariki hazinunuliki.

Hakikisha kwanza kwamba kilichoharibika ni diski. Waya uliolegea au mfumo endeshi wenye hitilafu huweza kuleta dalili zilezile. Kama diski haitoi mlio wa ajabu, mwombe fundi aijaribu kwenye kompyuta nyingine mbele yako, kabla hujakubali gharama yoyote.

Diski za kawaida zina visahani vinavyozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele. Ukisikia mgongano au mkwaruzo, zima kompyuta mara moja, kwa maana kila dakika ya ziada yaweza kuharibu taarifa zilizosalia. Usiruhusu diski ifunguliwe juu ya meza ya kawaida, kwani hata chembe ya vumbi yaweza kuleta madhara. Kazi hiyo hufanyika katika chumba maalumu kilichochujwa hewa, na gharama yake huweza kupita bei ya diski mpya mara kadhaa. Ilipie tu endapo taarifa zina thamani hiyo kwako.

Diski ikiwa bado inasomeka lakini ni nzito, au baadhi ya mafaili hayafunguki, nakili taarifa kwanza. Usikubali ifutwe na kuandaliwa upya kabla ya hapo. Programu zaweza kuzitenga sehemu mbovu, lakini haziiponyi diski. Iliyoanza kuharibika haifai tena kukabidhiwa kazi muhimu.

Ni vema ifahamike, basi, kwamba diski yenyewe kwa kawaida haitengenezwi bali hubadilishwa. Unapotajiwa bei ya "matengenezo", uliza: unalipia kurekebisha programu, kuokoa taarifa, au kuwekewa diski nyingine? Majibu hayo yaandikwe kila moja na bei yake.

Ukiamua kubadilisha, fikiria diski aina ya SSD. Haina sehemu zinazozunguka, huvumilia mtikisiko, na huipa kasi hata kompyuta ya zamani. Hata hivyo, nayo hufa, tena pengine ghafla bila dalili. Nakala bado ni lazima. Chunguza pia umbo linalokubaliwa na kompyuta yako: nyingine hupokea diski ya inchi 2.5, nyingine kipande chembamba cha M.2, na baadhi zina hifadhi iliyounganishwa moja kwa moja na bodi, isiyobadilishika kwa urahisi. Iwapo betri, kioo na kibodi navyo vimechakaa, jumlisha gharama zote kabla ya kuamua.

Jihadhari na diski yenye ujazo mkubwa kwa bei ya kutupa. Diski bandia huweza kuonyesha ujazo usiokuwapo, hivyo kuutazama kwenye kioo hakutoshi. Ijaze mafaili, kisha uyafungue. Dai risiti ya EFD na dhamana ya maandishi, ukikumbuka kuwa dhamana kwa kawaida hufidia diski, si taarifa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na risiti ndiyo ushahidi wako wa kwanza.

Mwisho, dai diski yako ya zamani. Kufuta faili hakuliondoi kabisa. Anayeiokota diski yaweza kumfikisha kwenye vitambulisho na barua zako. Ihifadhi, au iharibiwe mbele ya macho yako.